Nyembe za kukunja za zamani: zitambuliwe vipi, na zisafishwe kwa kiasi gani?

Mshika_Mpini

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Hivi karibuni nimenunua nyembe nne za kukunja, za aina ile ya zamani yenye bapa moja refu linalojificha ndani ya mpini, na nimezipata pamoja bila maelezo yoyote kuhusu asili yake. Kabla sijazigusa kwa msasa wala mafuta ningependa kupata mwongozo wa waliotangulia katika kazi hii, kwa kuwa ushauri niliousoma unapingana: wapo wanaosema wembe wa kale ung'arishwe mpaka ujione uso ndani yake, na wapo wanaosema kwamba kuung'arisha ni kuuharibu.

Wembe wa kwanza ni mkubwa na mzito. Bapa lake lina upana wa milimita 22 hivi, ni nene mgongoni na hupungua moja kwa moja hadi kwenye makali kwa umbo la kabari. Shingoni, yaani sehemu ile nene kati ya bapa na mkia (kipande kinachotokeza nyuma ya ribiti, msumari mdogo unaoshikanisha bapa na mpini), pamegongwa chapa ya "Wade & Butcher, Sheffield" bila jina la nchi. Mpini ni mweusi, nadhani ni wa pembe ya mnyama, na umeanza kubanduka matabaka karibu na ribiti.

Wa pili ni mwepesi. Mashavu ya bapa yamebonyea sana, hata nikiligusa kwa ukucha linatoa mlio mwembamba. Una maneno "Solingen" na "Germany", na mpini wake una rangi ya asali yenye mabaka ya kahawia. Jambo linalonishangaza ni kwamba kutu imekula sehemu ya bapa inayolala ndani ya mpini tu, ilhali shingo na mkia ni safi kabisa.

Wa tatu ni mdogo na hauna mkia wa maana, isipokuwa kijichongo kifupi nyuma ya ribiti. Chapa yake imefutika nusu. Naona kitu kama taji juu ya herufi ambazo siwezi kuzisoma.

Wa nne una mgongo uliotengenezwa peke yake kama fremu, na bapa jembamba limeshikiliwa ndani ya mgongo huo. Shingoni pameandikwa "Eskilstuna".

Naomba kujua umri wake kwa makadirio, ni upi unaoweza kurudishwa kazini na upi uachwe kama kumbukumbu, na usafi uishie wapi.

Chapa_na_Umbo

Ndugu Mshika_Mpini, umefanya vyema kuuliza kabla ya kusafisha. Ushahidi mwingi wa umri wa wembe uko katika vitu ambavyo mtu huviondoa siku ya kwanza: uchafu uliogandia kuzunguka ribiti, ambao huonyesha kwamba mpini haujawahi kufunguliwa, mabaki ya dhahabu ndani ya nakshi ya bapa, na mikwaruzo ya jiwe la kiwandani iliyobaki shingoni. Zipige picha zote pande mbili kwenye mwanga unaotoka ubavuni, na chapa iliyofifia ipake unga laini wa chaki kisha uufute juu juu, ili unga ubaki ndani ya mashimo ya herufi. Mara nyingi herufi zilizoonekana kupotea hujitokeza kwa njia hiyo bila kuugusa uso wa feleji.

Nitaanza na wembe wa tatu, kwa sababu kwangu ndio wenye thamani kubwa zaidi ya kihistoria kati ya hizo nne, ingawa bila shaka ndio unaoonekana mnyonge. Kabla ya kusoma chapa yoyote, soma umbo. Nyembe nyingi za karne ya 18 hazina mkia, au zina kijichongo kifupi kama unachokieleza, na mtumiaji aliushika wembe kwa kubana shingo na mpini pamoja. Mkia ulianza kurefuka kuelekea mwisho wa karne hiyo na mwanzoni mwa karne ya 19, kisha ukapinda juu ili kidole kipate pa kukaa. Mikato midogo ya tupa chini ya shingo, inayozuia vidole kuteleza, ni jambo la karne ya 19 zaidi. Kwa hiyo wembe usio na mkia, usio na mikato na wenye ribiti ndogo zisizo na vijisahani vya shaba ni mgombea mzuri wa karne ya 18 hata kama hatutasoma herufi hata moja. Tazama pia shingo ilivyo fupi ukilinganisha na bapa. Kadiri miaka ilivyosonga shingo iliongezeka urefu.

Taji lenyewe lisikupeleke haraka kwa mfalme. Zipo nyembe za Uingereza zenye taji pamoja na herufi za mtawala aliyekuwa madarakani: "G.R." kwa wafalme walioitwa George, "W.R." kwa William wa Nne aliyetawala kati ya 1830 na 1837, na "V.R." kwa Malkia Victoria aliyetawala kuanzia 1837 hadi 1901. Kati ya hizo, "W.R." ndiyo yenye faida kubwa kwa kuwa utawala huo ulikuwa mfupi, ilhali "G.R." inaweza kuwa ya kabla ya 1830 au ya baada ya 1910. Lakini taji lilitumika pia kama sehemu ya alama ya fundi mwenyewe. Huko Sheffield, mji wa Uingereza, mafundi wa visu na nyembe walikuwa chini ya chama chao kilichoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1624, na kila fundi alisajili alama yake pale, ikiwa ni herufi, umbo au neno fupi. Ndiyo sababu alama ndogo isiyo na jina la mtu huweza kuwa na maana kubwa kuliko jina refu lililoandikwa kwa madaha.

Sasa wembe wa kwanza. William na Samuel Butcher walikuwa ndugu waliofanya kazi Sheffield, na nyembe zao nyingi ziliuzwa Marekani. Umbo la kabari lenye upana wa milimita 22, ambao kwa kipimo cha wakusanyaji ni sehemu 7 kati ya 8 za inchi, linaendana vizuri na katikati ya karne ya 19. Jina la nchi linatupa mpaka mwingine: sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890, iliyobeba jina la McKinley, iliamuru bidhaa zinazoingia nchini humo ziandikwe zilikotoka, na amri hiyo ilianza kutekelezwa mwezi Machi 1891. Wembe ulioandikwa Sheffield pasipo neno "England" kwa kawaida ni wa kabla ya hapo.

Ukiona maneno "Cast Steel" chini ya uchafu, usishangae. Feleji ya kuyeyushwa katika vyungu vidogo ilianzishwa na Benjamin Huntsman katika miaka ya 1740 huko Sheffield, na kwa kuwa ilikuwa safi na yenye ulinganifu kuliko iliyotangulia, mafundi waliitangaza juu ya bapa kwa muda mrefu sana, kiasi kwamba maneno hayo peke yake hayatoi tarehe ya karibu. "Silver Steel" inasaidia kidogo zaidi. Michael Faraday na fundi James Stodart walifanya majaribio ya kuchanganya feleji na madini mengine, na katika taarifa zao za 1820 na 1822 walieleza mchanganyiko wa sehemu 1 ya fedha kwa sehemu 500 za feleji. Baada ya hapo jina likawa mtindo wa biashara, na nyembe nyingi zikaandikwa hivyo. Wembe wenye maneno hayo basi si wa karne ya 18, hata muuzaji aseme nini.

Jambo la mwisho kwa upande wangu ni kwamba jina lililo kwenye bapa si lazima liwe la aliyeutengeneza. Wauzaji wa jumla na waagizaji waliagiza nyembe zenye majina yao, na mipini ilibadilishwa ilipovunjika, kwa hiyo bapa la 1840 linaweza kukaa katika mpini wa 1900. Kila sehemu ipimwe umri wake.

Kafuri_na_Pembe

Namshukuru Chapa_na_Umbo kwa maelezo yaliyopangika, ila naomba kurekebisha mambo mawili. Kwanza, sheria ya 1890 ilihusu bidhaa zilizoingia Marekani tu. Wembe uliouzwa nyumbani Uingereza au kwingineko haukulazimika kuandikwa nchi, kwa hiyo kukosekana kwa neno "England" ni dalili na si uthibitisho; katika wembe wa Wade & Butcher dalili hiyo ina nguvu kwa kuwa soko lao kuu lilikuwa Marekani, lakini ukiihamishia kwa kila wembe wa Sheffield utapotoka. Pili, upande wa Ujerumani kuna sheria nyingine ya kukumbuka. Uingereza ilitunga mwaka 1887 sheria ya alama za bidhaa iliyolazimisha bidhaa za nje zionyeshe zilikotoka, na hapo ndipo maneno "Made in Germany" yalipoanza kuonekana kwa wingi. Wengi wanaamini kwamba "Germany" pekee ni ya zamani na "Made in Germany" ni ya baadaye, na kwa mauzo ya Marekani hilo lina ukweli fulani, lakini si kanuni ya kutegemea macho yakiwa yamefumbwa. Jina la Solingen nalo lililindwa kwa sheria ya mwaka 1938, ingawa mji huo ulikuwa mashuhuri kwa mapanga na visu karne nyingi kabla ya hapo. Alama ya mapacha ya J. A. Henckels, kwa mfano, ilisajiliwa huko mwaka 1731.

Lakini sababu hasa ya kuandika ni wembe wako wa pili, nao unahitaji uamuzi wa leo. Ulivyoeleza, kwamba kutu imekula pale tu ambapo bapa hulala ndani ya mpini, ni dalili ya wazi ya mpini wa seluloidi, aina ya plastiki ya kale, unaooza. Seluloidi hutengenezwa kwa nitrati ya selulosi na kafuri, na ilipoenea baada ya 1870 ilitumiwa kuiga pembe za ndovu na gamba la kasa. Inapozeeka huanza kutoa gesi za oksidi za nitrojeni ambazo zikikutana na unyevu wa hewa hugeuka tindikali ya naitriki. Tindikali hiyo hula feleji iliyofungiwa ndani, na haiachi hapo, kwani hushambulia pia nyembe zilizolala kando yake katika boksi moja. Tafadhali utoe wembe huo kati ya wenzake sasa hivi. Usiufunge katika mfuko wala chombo kisichopitisha hewa, kwa sababu gesi ikikosa pa kutokea uozo huongeza kasi, na usiuweke karibu na moto, kwa kuwa seluloidi huwaka kwa ukali.

Ili kuhakikisha, sugua mpini kwa kidole gumba mpaka upate joto kisha unuse. Harufu ya kafuri kila mtu anaijua. Tazama pia mabaka kwa kioo cha kukuzia: katika gamba halisi la ng'amba, yaani kasa mwenye gamba la mabaka, rangi ya baka hujengwa na vitone vidogo vingi, wakati katika seluloidi rangi hutiririka bila vitone. Wapo wanaochoma mpini kwa sindano ya moto ili wanuse moshi. Jaribio hilo huacha kovu la kudumu, na kwa seluloidi ni hatari moja kwa moja. Hakuna dawa ya kurudisha seluloidi iliyoanza kuoza. Mpini utolewe, upigwe picha, vipimo vyake vichukuliwe kwenye karatasi, na bapa litengenezewe mwingine.

Ukikutana siku nyingine na mpini mweupe, tofauti kati ya mfupa na pembe ya ndovu huonekana kwa kioo hicho hicho. Mfupa una vijishimo na vijistari vyeusi, ambavyo ni mapito ya damu ya mnyama, ilhali pembe ya ndovu haina vijishimo na penye mkato wa kukingama huonyesha mistari inayopishana. Jambo hili lina uzito wa kisheria pia, kwa maana CITES, mkataba wa kimataifa kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliamua mwaka 1989 kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, na ng'amba naye yumo katika orodha yenye ulinzi wa juu kabisa. Usivushe mpaka wa nchi mpini wa namna hiyo kabla hujapata kibali, hata ukiwa wa kale.

Fundi_Makali

Nimefurahi kusoma majibu yaliyotangulia, na sasa niingie katika usafi.

Kabla ya yote, hakikisha bapa halina ufa. Shikilia wembe kwenye mwanga na upitishe ukingo wa ukucha kwa wepesi sana juu ya makali kutoka kisiginoni hadi nchani. Ufa mdogo hushika ukucha mahali pasipoonekana kwa jicho. Kwa wembe wa mashavu yaliyobonyea, mlio nao ni shahidi, kwani bapa zima hulia kwa sauti safi na lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Wembe wenye ufa usinolewe tena. Uwekwe katika mkusanyo kama ulivyo.

Pili, tenganisha kutu na rangi ya uzee. Kutu nyekundu, inayotoa unga ukiigusa, iko hai na inaendelea kula. Weusi na kijivu kilichotulia ni ngozi ya feleji iliyozeeka, na mimi huiacha, maana haili tena na humwambia mtazamaji ukweli juu ya umri wa kitu anachokiangalia. Kutu hai iondoe kwa mafuta mepesi ya mashine yaliyoachwa juu yake usiku kucha, kisha ukwangue kwa wembe mpya wa kawaida ulioulaza karibu bapa kwa bapa, ukirudia mafuta mara kwa mara. Utaona tope la kahawia likitoka bila feleji iliyo chini kuchubuka. Kazi hii ni ya polepole, nami naipendelea kuliko siki na ndimu, kwa sababu tindikali, ingawa huondoa kutu upesi, huacha uso wa kijivu uliokufa na huchimba zaidi vijishimo vilivyopo. Kwa bapa lenye nakshi iliyopakwa dhahabu, mafuta na kitambaa laini vinatosha. Dhahabu ile ni utando mwembamba sana, na dawa yoyote ya kung'arishia huifuta.

Baada ya kutu kuisha, tazama vijishimo viko wapi. Vikiwa shavuni au mgongoni, ni sura tu. Vikiwa ndani ya milimita chache kutoka kwenye makali, kila utakaponoa utafikia kimoja kipya, na makali yatamegeka pale. Hilo ndilo linaloamua kama wembe utanyoa au hautanyoa, kuliko umri wake na kuliko jina la aliyeutengeneza. Wembe wako wa pili, kama tindikali imeshachimba sehemu ya makali, huenda ukawa umekwisha kwa kazi.

Kuhusu swali lako kubwa la kung'arisha, msimamo wangu ni kwamba msasa uingie pale tu ambapo kuna sababu inayotajika. Ukianza na msasa wa namba 400 (namba ikipanda, msasa huwa laini zaidi, na vinoo vivyo hivyo) ni lazima ufute mikwaruzo yake kwa 600, kisha 1000, kisha 2000, na kila hatua huondoa feleji. Kona za mabega, pale bapa linapokutana na shingo, hulainika, mstari ulio kati ya shavu na mgongo hupotea, na chapa hubaki nyembamba kuliko ilivyogongwa. Wembe uliopitia hayo hutambulika mara moja na mkusanyaji mzoefu, naye huuthamini chini. Kama ni lazima, zungushia msasa kwenye kipande cha kizibo au raba, sugua kwa mkono kutoka mgongoni kwenda kwenye makali, wala usivuke ukingo.

Mashine ya kuzungusha gurudumu la kitambaa naikataza kabisa kwa anayeanza. Gurudumu hunasa makali na kulirusha bapa kabla mkono haujajua, na watu wameumia vibaya. Tena kuna hatari ya joto, ambayo haionekani mpaka imeshatokea: feleji ya wembe ilipewa ugumu wake kwa moto na maji au mafuta, kisha ikalegezwa kwa joto la wastani, na makali membamba yakipashwa tena kwa msuguano hufika haraka kiasi cha kuupoteza. Rangi ya majani makavu hutokea karibu na nyuzi 220 za Selsiasi, kahawia karibu na 260, na buluu karibu na 300. Ukiona buluu kwenye makali, sehemu hiyo haitashika makali tena hata ukinoa mwaka mzima.

Mwisho, nyembe zilizotumiwa na watu wengine zioshwe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, zikaushwe mara moja, kisha bapa lipanguswe kwa spiriti ya asilimia 70. Usitumie dawa ya klorini, kwani huamsha kutu kwa saa chache, wala usizichemshe, kwa sababu pembe hupinda.

Mshika_Mpini

Nawashukuru sana, ndugu zangu. Wembe wa Solingen nimeshautenga, na harufu ya kafuri ipo bila shaka yoyote. Chaki nayo imesaidia: katika wembe wa tatu sasa nasoma herufi "G" na sehemu ya "R" chini ya taji, na kwa umbo lake nakubali kwamba ni wa George wa zamani, si wa karne ya 20. Katika wembe wa kwanza vijishimo viko mgongoni tu. Naomba maelekezo mawili zaidi: mpini wa pembe unaobanduka utibiwe vipi, na je, wembe wa kabari na huu wenye fremu hunolewa namna moja? Nimesoma pia mahali kwamba nyembe za karne ya 19 zilitoka kiwandani ziking'aa kama kioo, na kama ni hivyo, kuzirudishia mng'ao si kuzirudishia hali yake ya asili?

Bi_Kinoo

Hoja yako ya mwisho ni ya haki, na hapa natofautiana kidogo na Fundi_Makali. Ni kweli kwamba nyembe nyingi bora za Sheffield zilisuguliwa kiwandani mpaka zikaakisi mwanga, na fundi aliyefanya hivyo angeshangaa kuona tunausifu weusi uliokuja baadaye kwa uzembe wa wenye kuzimiliki. Kwa wembe wa kawaida, uliotengenezwa kwa maelfu na ambao unakusudia kunyoa nao, sioni dhambi katika kuung'arisha kwa mkono, mradi chapa, mabega na nakshi viachwe salama. Lakini uso uliopotea kwa kutu haurudi; unachokipata ni uso mpya ulio chini ya ule wa kwanza, na kwa wembe adimu kama huo wa tatu, kazi yako iishie kwenye mafuta. Wala usiunoe. Makali yake ya sasa yanaonyesha jinsi watu wa wakati ule walivyoyatia, na jiwe lako litafuta habari hiyo kwa mipigo michache.

Pembe ni ya jamii moja na kucha zetu, kwa hiyo hukauka, hupasuka matabaka na huliwa na wadudu. Lainisha kwa mafuta yanayotokana na kwato za ng'ombe, kidogo kidogo, ukiyaacha yanywewe kwa siku kadhaa. Tabaka lililoinuka lijaze gundi nyembamba kwa ncha ya kijiti, libane kwa kibanio chenye kitambaa, kisha uliache likauke kabisa kabla ya kusugua. Kama mpini umepinda, maji ya moto yasiyochemka huulegeza ukaweza kunyooshwa kati ya vibao viwili. Epuka kufungua ribiti ikiwa haina ulegevu. Ikiwa ni lazima, kwa mfano kwa huo wembe wa Solingen, kichwa chake kisuguliwe kwa tupa nyembamba mpaka kiishe, ribiti isukumwe kwa pini ndogo kuliko tundu huku mpini ukiegemea kibao chenye shimo, na vijisahani vya shaba vya awali vitunzwe virudishwe. Ribiti mpya ni kipande cha waya wa shaba ya njano wa milimita 1.6 hivi, ukigongwa kwa nyundo ndogo kwa mapigo mengi mepesi. Pigo moja zito hupasua pembe.

Tukija kwenye kunoa, wembe wa kukunja hujipimia wenyewe pembe ya makali, kwa kuwa mgongo na makali hulala pamoja juu ya kinoo. Wembe wenye mgongo wa milimita 5 na upana wa milimita 17 hutoa pembe ya karibu digrii 17. Wako wa kwanza, ikiwa mgongo wake ni milimita 6 kwa upana wa 22, unakaribia digrii 16, kiasi kizuri kabisa. Tatizo la kabari ni kwamba shavu lake halina mbonyeo, kwa hiyo eneo kubwa la feleji hugusa jiwe na kazi huchukua muda mrefu. Wengi huweka utepe mwembamba juu ya mgongo ili jiwe lifikie makali yenyewe na mgongo usilike, nami nakushauri hivyo kwa wembe huu. Anza na jiwe la 1000 ikiwa tu makali yamekufa kabisa, kisha 4000, 8000 na 12000, au umalizie kwa jiwe la asili la njano kutoka milima ya Ardennes huko Ubelgiji, ambalo hukata kwa vijipunje vya ganeti na huacha makali laini kwa ngozi. Bapa lisikandamizwe, uzito wake unatosha. Baada ya hapo lipitishe kwenye kitambaa cha kitani kisha kwenye mkanda wa ngozi, mgongo ukitangulia kila mara.

Wembe wenye fremu ni rahisi zaidi. Eskilstuna ni mji wa Uswidi uliosifika kwa feleji, na wazo la mafundi waliotengeneza nyembe za namna hii lilikuwa kwamba bapa jembamba likishikiliwa na mgongo uliotengenezwa peke yake halihitaji kuchimbwa mashavu kwa ustadi mkubwa. Unoe bila utepe, kwa vinoo vya namba za juu tu, kwani bapa lake ni jembamba na huitikia upesi. Udhaifu wake uko kwenye mshono kati ya bapa na fremu, ambapo maji huingia na kutu huanza pasipoonekana. Kila ukimaliza kunyoa ukaushe kwa kitambaa, tia tone moja la mafuta mepesi kwenye mshono huo, pangusa linalozidi, na uache wembe umekunjuka kwa saa kadhaa kabla ya kuufunga.